Kidole Gumba Mlangoni kwa Wakwe

Hadi leo nikipita Kawetele nageuza uso upande wa pili wa barabara, na si maringo, ni aibu tu, aibu iliyonifuata Tanga, Tunduma na kila nilikozunguka kutafuta maisha.

Sikuwa nimefika hata miaka thelathini. Nilikuwa utingo wa lori mwenye kitambi cha kujivunia, na kila tuliposimama nilikula maini na figo, nikateremshia bia (maji niliyaona ni ya kuoshea vioo). Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nikarudi kwetu Kinyala kupeleka ng'ombe wa mahari Kawetele, kwa kina mchumba wangu Atupele. Jioni ya kuamkia safari wajomba walichinja, nikala kama kawaida yangu. Asubuhi kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likikigusa naona nyota.

Mwenye akili angesema. Mimi nikakisokomeza ndani ya raizoni (vile viatu vya kisigino kirefu tulivyodhani ndio ustaarabu), maana nani atampa binti yake mwanamume anayechechemea? Baba alikuwa kando yangu, naye akichechemea kama siku zote, kwa sababu ya jiwe lililomwangukia zamani, au ndivyo alivyotuambia.

Tulipoingia uani kwa wakwe, ng'ombe akageuka, akanikanyaga palepale. Nikapiga yowe, nikamdaka baba, tukaanguka wote wawili, tukalala kukatisha mlango wa jiko. Na ndani ya jiko alikuwemo Atupele anapika ndizi. Sasa kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe, hata kivuli chake hukikimbia, kwa hiyo atatokaje? Ndizi zikaanza kuungua, moshi ukajaa, tukamsikia anakohoa.

“Ondokeni mlangoni!” shangazi yake akafoka. “Mtoto wa watu anaiva humo pamoja na ndizi!”

“Siwezi,” baba akaguna. “Mguu.”

“Na wewe mguu? Kumbe ukoo mzima!”

Hapo nikajua mke sina tena.

Kaka yake akashika panga, akapasua ukuta wa mianzi kwa nyuma, Atupele akatoka amejifunika khanga gubigubi, akatokomea migombani. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Raizoni ilichanwa kwa kisu. Mganga wa zahanati akatikisa kichwa: “Hili ni jongo, ugonjwa wa viungo. Wengi huwajia uzeeni, wewe umeliita mapema, kwa nyama hizo, bia hizo, kiu ya safari na huo mwili. Kwenu kuna mwingine?”

Nikamtazama baba. Baba akatazama dirishani.

“Jiwe,” akasema, kwa sauti ndogo.

Nilikaa siku nyingi nikisubiri ng'ombe arudishwe. Badala yake shangazi akaleta ujumbe wa Atupele: “Aje ajenge ukuta wetu. Na aje pekupeku, nikione hicho kidole.” Nikaenda pekupeku.

Sasa nimechoka, bia nimeiacha, maini nayasikia harufu tu. Ila kijana wetu wa kwanza amepata kazi ya utingo, na juzi karudi na kitambi kidogo na furushi la figo. Nikamketisha, nikavua kiatu, nikamweleza yote, hadi ule moshi. Niliapa zamani kwamba mtoto wangu sitamwambia ni jiwe.