Sufuria Mbili na Upawa Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa miguu arobaini ya mbuzi na panga lisilo na makali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa shati jeupe nililopigiwa pasi na mama yangu nyumbani kwetu, mtaa wa Bahati, nikidhani kazi ya hoteli ni kubeba sahani na kutabasamu. Mwenye hoteli, mama mmoja mpana kama mlango wa bohari, alinielekeza kwenye karai la maji yaliyokuwa yakitokota nyuma ya jengo, hatua chache kutoka mtaa wa Muthurwa, jijini Nairobi. Kazi ilikuwa kuvua kwato. Unachovya mguu kwenye maji moto, unahesabu pole pole mpaka thelathini, unautoa na kugonga kwa mgongo wa panga, na ganda la kwato linachomoka kama kiatu cha mtoto. Ukihesabu haraka halitoki. Ukichelewa ngozi inavimba na kuchanika.

"Kijana," aliniambia yule mama, akiinua mguu nilioupasua, "hapa umemvua mbuzi kiatu pamoja na kidole. Mteja wangu atakunywa nini?"

Kufikia saa sita shati langu lilikuwa na rangi ambayo haina jina. Lakini supu ya miguu ile, iliyochemshwa kutoka asubuhi kwa moto mdogo na chumvi ikatiwa mwishoni, ilikuwa nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe. Wapakiaji wa mizigo waliinywa wakaenda kubeba magunia mawili mawili. Nilimwona mmoja akibeba matatu. Sitanii sana.

Huko nilikaa miaka sita, nikajifunza kwamba kila mnyama mwenye kwato ana tabia yake ndani ya sufuria. Ng'ombe anahitaji subira, hasa kidari, ile nyama ya kifuani yenye nyuzi ndefu. Mbuzi anataka moto wa wastani na tangawizi. Kondoo ana mafuta yanayoganda midomoni usipompa mteja kitu kichachu pembeni. Shida yangu ilikuwa kwamba niliyajua hayo kwa mikono tu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Basi nikajiandikisha masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima ya jioni, kwenye ukumbi wa kijamii wa mtaa wetu. Nilikaa dawati moja na kinyozi na fundi wa viatu, magoti yetu yakigusa ubao wa juu, na baada ya miaka minne nikatoka na cheti. Mama alikitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha letu.

Cheti hicho ndicho kilichonipeleka hoteli ya watalii katikati ya mji. Wakati huo uwindaji ulikuwa haujapigwa marufuku, na nyama ya porini iliuzwa kwa leseni. Tulipika pofu, kongoni na nyati. Shefu Mkuu, mtu mwembamba mwenye kofia ndefu kuliko shingo ya twiga, alinifundisha kwamba mnyama wa porini hana mafuta kwa sababu maisha yake yote ni kukimbia. Hivyo tulichukua sindano nene na kupitisha vipande vya mafuta ya ng'ombe ndani ya nyama ya pofu kabla ya kuioka, ili isikauke.

Kwa kuwa sasa nilijua kusoma, Shefu aliniachia kitabu chake kikubwa cha mapishi. Jiografia yote ninayoijua niliipata humo. Nilijua Hungaria ni nchi ambako nyama ya ng'ombe huchemshwa na pilipili nyekundu isiyowasha. Nilijua kule Uarabuni mwanakondoo huletwa mzima juu ya kilima cha wali. Nilisoma kwamba Waskoti hujaza tumbo la kondoo kwa moyo, mapafu na shayiri, nikamwambia Shefu kwamba hao ni binamu za watu wetu wa mutura, wanaojaza utumbo wa mbuzi kwa nyama na damu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye mchuzi.

Uwindaji ulipopigwa marufuku, hoteli ilipunguza wapishi, na mimi nikawa mmoja wao. Mungu si mchoyo. Nilipata kazi kwenye kantini ya kiwanda kimoja cha Industrial Area, upande wa kuelekea Mukuru kwa Reuben. Meneja wa Wafanyakazi alinipa miezi mitatu ya majaribio kama mpishi mkuu, kisha akanionyesha geti kupitia dirisha. Watu wapatao arobaini walikuwa wameketi kwenye ukingo wa mtaro, wakila mandazi na chai ya chupa.

"Hao ni wafanyakazi wetu Waislamu," alisema. "Hakuna mpishi aliyewahi kuwaingiza humu ndani. Ukiwaingiza, kazi ni yako."

Nilimwendea kiongozi wao, Fundi Abdi, fundi wa mitambo kutoka Eastleigh, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina na sauti ya chini. Nilijisifu kidogo. Nilimwambia nimepika kila kitu chenye kwato isipokuwa punda. Aliniuliza kama nimepika ngamia. Nikakubali upesi. Akasema ngamia hana kwato kama za ng'ombe, ana nyayo laini kama andazi, na kwamba mtu aliyempika angelijua hilo. Wenzake walicheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimenaswa.

"Mpishi, hatukatai chakula chako," Abdi alisema. "Hatukijui, ndiyo shida. Humo ndani mnapika nguruwe."

Ilikuwa kweli. Wahandisi wa kutoka ng'ambo na wafanyakazi wengi wengine walimpenda nguruwe, naye pia ana kwato, huwezi kumfukuza kwenye hesabu. Tukakubaliana: mbuzi atachinjwa na Mwislamu, kisu chao kitakuwa peke yake, sufuria peke yake, upawa peke yake. Nilinunua rangi nikapaka mipini. Kijani kwa pilau yao, nyekundu kwa nguruwe. Abdi alikagua kila chombo kama anayekagua mtambo, akasema watakuja Alhamisi.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku moja kabla ya majaribio yangu kuisha. Niliamka na furaha ya bwana harusi. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, maana hapo ndipo rangi ya pilau inatoka, nikatia bizari nzima, iliki na mdalasini, kisha mbuzi, kisha mchele. Kwenye jiko la pili nguruwe alikuwa akichemka na maharagwe. Msaidizi wangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilisimama katikati ya sufuria mbili, huku akina mama wawili wakimenya viazi mezani. Na mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nikisimulia. Niliwaambia jinsi nyati alivyofufuka kwenye jokofu la hoteli. Walikuwa wamejishika mbavu. Nikanyoosha mkono, nikachukua upawa, nikakoroga pilau mara mbili, chini mpaka juu.

Mpini ulikuwa mwekundu.

Akina mama walikuwa bado wanapangusa machozi ya kicheko. Hawakuona. Harufu haikubadilika, wala rangi. Dirishani niliwaona wale arobaini wakinawa mikono kwenye bomba, Abdi mbele, baadhi yao wamevaa kofia safi za kwenda msikitini. Wakiingia, kazi ni yangu. Sijawahi kuona sufuria kubwa namna ile. Ilijaa dunia nzima.

Nilitoka nje na upawa mkononi. Nilimweleza Abdi mbele ya wote, bila kuzungusha maneno. Bomba liliendelea kumwaga maji, hakuna aliyelifunga.

"Nani alikuona?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi umekuja kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi kuonja ukajua, mzee. Ungekula tu."

Alinitazama, akawageukia wenzake na kuwaambia kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa wale wa Pumwani. Wakarudi kwenye mtaro wao. Kijana mmoja wa idara ya kufunga pakiti alinipita akiuliza, hivi huko ngumbaru somo la rangi walifundisha lini. Wenzetu wengine waliila ile pilau kwa furaha isiyo na aibu, wakakwangua mpaka chuma kikalia. Meneja hakufurahi. Alisema nimewaingiza watu arobaini mpaka mlangoni kisha nikawafukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, akaniongezea miezi mitatu mingine ya majaribio.

Jumatatu asubuhi Fundi Abdi alisimama kwenye mlango wa jikoni. Mkononi alikuwa na mkebe wa udongo mwekundu. Akaniagiza nilete sufuria na upawa. Alinifundisha palepale: chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilisugua, yeye akihesabu kwa sauti. Tulipofika saba aligeuza sufuria juani.

"Wenzangu walisema tusirudi tena," alisema. "Nikawauliza, tumekula hoteli ngapi mjini hapa, na ni mpishi gani amewahi kutoka nje kutuambia? Tutakuja Alhamisi. Nguruwe siku hiyo asiingie jikoni. Na wewe, ukipika pilau, usisimulie hadithi."

Walikuja. Kwa miaka kumi na moja, kila Alhamisi nilinyamaza jikoni mpaka wageni wakadhani mimi ni bubu, na kazini nikathibitishwa kabla ya ile miezi mitatu kuisha. Abdi mwenyewe ndiye aliyeniletea nyama ya ngamia kwa mara ya kwanza, kipande cha nundu, akakaa kwenye kiti kunionyesha jinsi mafuta yake yanavyoyeyushwa taratibu kabla ya nyama kuguswa.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Fedha kwa binti yangu. Vijana wanaosomea upishi huja na simu zao kuniuliza siri ya nyama laini. Nawaambia ni muda na moto mdogo, na hilo si siri. Majirani wakiwa na harusi bado huniita, Waislamu na Wakristo, na kabla ya sahani ya kwanza kutolewa hutoka nikasimama mbele ya wageni na kuwaeleza kila sufuria ina mnyama gani, amechinjwa na nani, na upawa upi umeingia wapi. Mke wangu hulalamika kwamba nawachosha watu na chakula kinapoa.

Namwambia wacha kipoe kidogo.