Msemaji wa Posa Aliyeapa Kutosema Uongo

Chekeni tu, maana aibu ile najua imeshafika hadi kitongoji cha Isipingo, lakini kinachoniwasha mpaka leo ni kwamba nilifukuzwa kwa kusema kweli, na walionifukuza ni walewale wanaoitikia "Amina!" kanisani kila mchungaji anaposema kwamba uongo ni wa shetani!

Chanzo kilikuwa kidogo. Mimi, mtu mwenye cheti cha masomo ya usiku na kiu ya elimu kumshinda ngamia, nilisikia kuna darasa la bure la Wabuddha, nikaenda. Mwalimu, mama mmoja mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, akatutajia makatazo matano: usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usilewe. "Chagueni moja mliishi wiki hii," akasema. Nikachagua uongo (bia ningeiacha vipi na joto hili la Durban?), na sikukumbuka kabisa kwamba Jumamosi ileile nilikuwa msemaji wa familia kwenye posa ya binamu yangu Trésor.

Kwetu Wakongo, msemaji wa posa kazi yake ni kumpamba kijana. Mvivu huitwa mtulivu, mgomvi huitwa shujaa, kila mtu anajua na hakuna anayekasirika. Na mimi ndiye bingwa, ndoa tatu nimezifunga kwa ulimi huu!

Basi tukapanda hadi ghorofa ya tisa pale Albert Park, lifti imekufa, sanduku la vitenge kichwani, tukakuta watu kama mia nne (sawa, ishirini na watano). Shangazi wa binti, Mama Béa, akanipakulia pondu, kile kisamvu chetu.

"Msemaji, iko tamu?"

"Mama, ina mchanga kidogo."

Trésor akanikanyaga mguu, nami nikajisemea moyoni, vumilia, hii ndiyo njia ya wenye hekima.

Ndipo baba wa binti, Papa Kalala, akakohoa. "Tumesikia kijana ana duka la simu. Ni kweli?"

Siku nyingine ningempa Trésor matawi ya duka hadi Johannesburg! Nikajaribu kukwepa: "Papa, mambo ya simu anayajua sana."

"Sikuuliza kama anajua. Iko na duka ao hana?"

Nikatazama dari, dari haikunisaidia. "Hana, Papa. Anauza kava na chaja mezani, karibu na rank, kile kituo cha teksi."

"Kaka, unaniua!" Trésor akanong'ona, jasho linamtiririka kama bomba limepasuka.

"Na Jumapili anasali wapi?" akauliza Mama Béa, ambaye mchanga ulikuwa bado unamuuma.

"Jumapili analala, Mama."

Kutoka chumba cha pili, ambako Grâce, binti mwenyewe, alikuwa amekaa tangu asubuhi akipambwa ili aletwe mbele yetu, nikasikia kilio. Papa Kalala akalinyanyua sanduku letu kwa mikono yake akaliweka nje mlangoni, kisha akanivuta pembeni.

"We mpumbavu! Ile meza naijua, nilinunua chaja pale mimi mwenyewe! Kijana nampenda. Nilikuuliza ili ndugu zangu waliotoka Lubumbashi wasikie neno zuri juu ya mkwe wangu. Sasa nitawaambia nini? Rudini na mtu mwenye akili!"

Eish! Nikamkimbilia mwalimu nikilalamika. Akanisikiliza, akasema polepole kwamba kweli nayo ina wakati wake, na isemwe kwa upole, na imsaidie anayeisikia. Jamani! Hilo si la kumwambia mtu kabla hajapanda ghorofa tisa?

Basi uongo bado najizuia, lakini usemaji wa posa nimeuacha, hata akioa mwanangu wa kuzaa atafute mdomo mwingine. Wiki tatu baadaye ndugu zangu walirudi kwa Papa Kalala na msemaji mpya, nami nikakatazwa kupanda, nikabaki mlangoni chini na mlinzi wa jengo. Ghafla vigelegele vikamwagika kutoka dirisha la juu kabisa, nami nikaruka nikishangilia peke yangu kama mwehu.

"Kuna nini?" mlinzi akauliza.

"Ndugu yangu amepata mke!"

Akanishika mkono, akanipongeza. Kweli tupu niliyoisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelia.