Mkasi Katika Mkono wa Kushoto

Harufu ya asidi kutoka kiwanda cha Shituru ilituamsha kabla ya kengele ya misa. Ilikwaruza koo, ikajificha katika nguo zilizoanikwa, na hata leo nikiinusa najiona msichana mdogo nikishuka barabara ya nyumba za wafanyakazi kwenda fwaye, kituo cha parokia ambako wasichana tulifunzwa kushona. Wengi huanza kumbukumbu zao kwa unyenyekevu. Kizuri chajiuza, husema. Mimi nimeona vizuri vingi vikiliwa na nondo rafuni, kwa hiyo nitajiuza mwenyewe: ni fundi mwenye diploma ya ukataji niliyoitafuta hadi Johannesburg, na bibi harusi wa Likasi ambaye hajasimama mbele ya kioo changu atakuja kujuta akiziona picha zake. Lakini msimu wa mvua ninaousimulia hapa nilijulikana kwa jambo moja tu: kila kitu nilikishika kwa mkono wa kushoto.

Kwetu mkono huo haukorogi bukari, ugali wetu, wala haumpi mkubwa sahani. Tantine Veronika, dada wa baba aliyeishi nasi, aliufunga mkono wangu huo kwa kipande cha kitenge kila nilipoingia jikoni, ili mkono wa kulia uzoee kazi. "Weye mutoto," aliuliza, "na ule mukono yako, nani atakuoa?" Mama, akichekecha unga, alijibu bila kugeuka: "Mumuache, tantine. Mungu hakukosee." Tantine alicheka puani. "Bon, Mungu hakukosee. Na bakwe, nao batafunga macho?" Nililipenda neno la mama kwa sababu halikunidai chochote. La tantine lilinichoma, ingawa yeye angalau alitaka niwe bora kuliko nilivyokuwa. Shida ni kwamba mmoja aliniacha nilipo na mwingine alitaka nigeuke mtu mwingine, na mimi niliyetaka kujua kukata nilibaki katikati na mkasi wangu.

Maana fwaye kulikuwa na jaribio. Mwisho wa mvua kila msichana angekata gauni la mtoto mbele ya wazazi. Aliyefaulu alihamia kwenye meza kubwa ya ukataji. Aliyeshindwa alibaki kushona pindo za wenzake mpaka achoke arudi nyumbani. Niliitamani meza ile kuliko nguo za Noeli. Nikikata kwa mkono wa kulia, mstari ulipinda kama njia ya mbuzi. Nikikata kwa wa kushoto, makali yaliachana badala ya kukutana, kitambaa kikajikunja katikati, na wenzangu wakapiga kelele wakiniita Binti Kushoto kwa Kifaransa: "Mademoiselle Gauche, unakata ao unatafuna?" Mwalimu wetu, Mama Philo, aliwanyamazisha, kisha akaniambia: "Kata na mukono yoyote. Miye naangalia robe, gauni yenyewe, siangalie mukono." Ilikuwa ruhusa nzuri sana, lakini ruhusa haikati kitambaa.

Nikaanza kuokota mifuko mitupu ya saruji kila penye ujenzi, nikaikata nyuma ya nyumba hadi vumbi la kijivu likaniingia puani na vidole vikavimba. Mfuko baada ya mfuko, niligundua siri ambayo hakuna aliyeweza kunifundisha, kwa kuwa wote waliokuwa karibu walitumia mkono wa kulia: mkasi ulitengenezwa kwa ajili yao, basi mimi nilipaswa kuvuta kidole gumba kuelekea kiganjani na kusukuma vidole vingine nje, ndipo makali yabusiane. Kwa vile ubapa wa juu uliuficha mstari wa chaki, niliinamisha kichwa upande wa pili kuuona. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wangu niliubusu, halafu nikaufanyisha kazi kama punda.

Siku ya jaribio tulipewa kitenge chenye ndege waliosimama wima, kipande kidogo kwa makusudi. Wenzangu walipanga karatasi za vipimo, ya mbele na ya nyuma, kichwa kwa miguu, kama tulivyozoeshwa ili kubana kitambaa. Mimi, niliyekuwa nimezoea kuzungusha kila kipande pande zote kabla ya kukata, nikaona ndege wa mgongoni watasimama kwa vichwa. Nikapunguza marinda, nikageuza karatasi, nikakata. Kwenye benchi la wazazi tantine alikaa amekumbatia mkoba wake. Alikuwa ametangaza kwamba anakuja kuona tu, si kushangilia.

Mama Philo aliinua magauni moja moja. Ndege wa wengi walikuwa wanaanguka kutoka mbinguni, na wazazi wakacheka mpaka machozi. Alipofika kwangu aliyatazama mabega, akageuza mgongo, akatamka jina langu kabla ya mengine yote. "Meza kubwa," akasema. "Ila kikwapa, tundu ya mukono, utarudilia." Sikuwahi kusikia mengine. Tantine alikuwa ameshafungua mkoba na kutoa kopo la poda, ile tunayowamwagia waliofaulu. Alinipaka kichwa, uso, shingo, kisha akaushika mkono wangu wa kushoto akaupaka hadi kwenye kiwiko, mweupe pepepe. "Mutazame mutoto yetu!" alipaza sauti. "Mutazame ule mukono!" Nami kesho yake nilikirudia kikwapa, tena na tena.

Siku hizi moshi wa kiwanda umepungua, teksibasi zimeongezeka, na wasichana hujifunza kukata kwa kutazama simu. Mifuko ya saruji haina tena mwanafunzi. Johannesburg niliona kwa mara ya kwanza mkasi uliotengenezwa kwa watu kama mimi. Niliununua kwa furaha ya mtu aliyefika kwao, nikaujaribu usiku huohuo, nao ukatafuna hariri! Vidole vyangu vilikuwa vimeshajua njia yao ngumu. Nilicheka peke yangu, nikatandika magazeti mezani, nikaanza upya kama msichana wa fwaye. Sasa mikasi yote miwili iko mezani pangu hapa Likasi, nami nakata vizuri kwa wowote, kwa mkono uleule.