Mama Asiyegeuka Nyuma

Kila mwaka, joto la Januari likishaanza kutuchoma, nyumba yetu ya walimu hapa Dadaab hugeuka baraza la filamu. Ilianza Ijumaa moja baada ya swala. Tulikuwa tumemaliza kula, daktari wa mifugo akachomoa flashi mfukoni na kusema ndani yake mna filamu zote zinazogombea ile tuzo kubwa ya Marekani. Alizipata wapi hakusema, nasi hatukuuliza. Niliichomeka flashi kwenye kompyuta yangu, nikaiweka kompyuta juu ya debe, na tangu siku hiyo hatukuacha.

Tulikuwa watu wanne. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Garissa. Daktari ni mtu wa Habaswein, mwembamba, mbishi, aliyekaa na ngamia mpaka akawa anapima kila jambo kwa ngamia. Wa tatu ni rafiki yangu mkalimani. Yeye aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mamake vita vilipoanza Somalia, akakulia kambini, akasomea kambini, na sasa anafanya kazi ya kutafsiri kwenye mashirika yale yale yaliyokuwa yakimgawia unga. Wa nne ni mke wangu, ambaye kwao ni Hola. Kwa ajili yake tulibishana kwa Kiswahili, ingawa daktari husema "bicha" badala ya picha, na hasira zikimpanda hurudi kwenye Kisomali. Mke wangu hukaa chumba cha pili na cherehani yake, mlango wazi, skrini akiiona vizuri. Ndiye mtabiri bora kati yetu.

Kila mmoja alitaja mwigizaji wa kike na wa kiume atakayeshinda, kisha tukasubiri. Aliyekosea alilazimika kutazama filamu ndefu ya Kihindi iliyochaguliwa na mke wangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari alikuwa amezitazama nyingi.

Mwaka ninaousimulia, filamu iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote ilikuwa ya mama mkimbizi. Tulikuwa tumeingoja kwa sababu ilihusu watu wetu. Miaka michache nyuma, wageni waliokuwa wakiiandaa walikuja kambini kusikiliza akina mama, na rafiki yangu ndiye aliyekuwa mkalimani wao karibu juma zima. Mwigizaji mwenyewe alikuja, mwanamke mrefu asiye na makuu, akakaa chini kwenye mikeka kama wenyeji. Baadaye walikwenda kuipiga filamu yao nchi nyingine, na hatukusikia tena habari zao mpaka majina ya wagombea yalipotangazwa.

Tukaitazama. Mwanzoni tulicheka, maana Kisomali cha yule mwanamke kilikuwa kama cha mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Lakini alipokuwa kimya alikuwa na nguvu. Mke wangu alisimamisha cherehani mapema sana, na hiyo kwake ni dalili.

Katikati ya filamu, mama yule anatembea nyikani na watoto wawili. Msichana mkubwa ana homa, hawezi tena kusimama. Mvulana mdogo amekanyaga makaa, mguu umefungwa kitambaa. Mama ambeba huyu, amshusha, ambeba yule, amshusha. Mwishowe amlaza msichana kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba, amgeuzia uso upande usio wa njia, amfunga mvulana mgongoni, aondoka. Kamera inamfuata kwa muda mrefu. Hageuki nyuma hata mara moja.

Daktari hakungoja ikome. Alisema ni uongo, uongo wa watu wanaotaka kutuonyesha kama wanyama, tena wanyama wana haki ya kulalamika. Ngamia, alisema, ndama wake akifa jangwani hukataa kuondoka, hupigwa, huvutwa, na akiondoka hugeuza shingo mpaka apotee machoni. Mama gani haangalii nyuma? Kwa hiyo alimpa kura yake ajuza mmoja aliyeigiza mjane katika kijiji cha theluji. Mke wangu akajibu kutoka chumba cha pili kwamba hapo ndipo mwanamke huyu aliposhinda, kwa sababu hakugeuka. Angegeuka, sote tungelia tukamaliza. Mimi nilikuwa upande wa mke wangu, na nilisema mengi kuhusu usanii wa kujizuia, maneno ambayo sioni haja ya kuyarudia.

Tulikuwa tumepandisha sauti, tukiwa na furaha ya kubishana, tulipogundua kwamba mkalimani hajasema neno. Aliomba turudishe ile sehemu. Tukairudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu aliirudisha mwenyewe, akaisimamisha pale mama anapofunga mguu wa mvulana, akauangalia. Kisha akasema wakati wa swala umefika, akatoka, na hakurudi.

Daktari alidhani amekasirishwa na maneno yake juu ya wageni aliofanya nao kazi. Alipokwenda zake, mke wangu alikuja akaketi karibu nami.

"Umewahi kumwona akitawadha?" aliniuliza.

Nilikuwa nimemwona mara nyingi. Vidole vya mguu wake wa kushoto vimeshikana, ngozi imekunjamana mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ametuambia kwamba alikanyaga makaa alipokuwa mdogo, kabla ya kufika kambini. Tulijua pia kwamba alikuwa na dada, na kwamba dada huyo alikufa kwa surua majuma ya kwanza pale kambini, akazikwa na watoto wengine mahali ambapo makaburi yameshachanganyika. Kila alipopita huko kikazi alisimama kumwombea dua.

Mke wangu aliinuka, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kisha mchana mmoja nikamkuta amesimama kwenye geti la shule, shati limelowa jasho. Aliniomba nimsindikize kwa mamake. Alisema amefika mlangoni kwake mara kadhaa, akanywa chai, akaondoka bila kuuliza.

"Nikienda peke yangu ama nitanyamaza ama nitasema neno nisiloweza kulirudisha," alisema. "Ukiwepo, mwalimu, nitakuwa na adabu."

Mama yake anaishi kambini bado, katika nyumba ya mabati yenye ua wa miiba, uliofagiliwa mpaka mchanga una mistari. Namwita hooyo, mama, kama anavyomwita mwanawe, kwa sababu amenilisha vya kutosha. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, akaleta chai ya maziwa na mandazi. Aliuliza habari za mke wangu, za wazazi wangu Garissa, za mvua. Rafiki yangu aliishika bilauri bila kunywa. Mwishowe alimweleza kwamba ile filamu ya wale wageni imetoka, na kwamba ndani yake kuna mama na watoto wawili.

Mama hakushtuka. Alichukua muda kuitengeneza shashi kichwani, kisha akauliza kama mtoto wa mguu yumo.

"Yumo," alisema mwanawe.

"Basi ni mimi."

Akasimulia. Aliongea kwa Kisomali, polepole, na nayaandika hapa kwa lugha niliyosomea. Yule mwigizaji alikuja kwake siku ambayo mwanawe alikuwa amepelekwa kambi nyingine. Mkalimani siku hiyo alikuwa msichana ambaye sasa yuko ng'ambo. Mama hakuwa amepanga kusema. Wenzake wote walikuwa wamesema yao, na mgeni akamshika mkono, akanyamaza, hakuuliza. Akajikuta ametoa lake. Alisema mtu wa njia unaweza kumbebesha mzigo kwa sababu anakwenda nao mbali, lakini mtu wa nyumbani utamwona nao kila asubuhi.

Rafiki yangu alimuuliza kuhusu surua. Akajibu kwamba watoto wengi walikufa kwa surua siku zile, na akina mama walioulizwa walikuwa na jibu, naye akachukua jibu lao.

"Na makaburi? Miaka yote naomba pale."

"Dua haipotei, mwanangu. Inajua njia."

Alitaka kuiona filamu. Sikutarajia hilo, na nadhani hata mwanawe hakutarajia. Rafiki yangu alikuwa nayo kwenye simu. Akaisogeza mpaka mahali penyewe, akamkabidhi mamake simu mikononi. Mama aliitazama akiwa ameiweka karibu sana na macho. Tulisikia upepo wa ile filamu na hatua za yule mwanamke. Ilipokwisha aliirudisha simu.

"Si hivyo," alisema. "Mimi niligeuka. Niligeuka mpaka shingo ikauma. Na nilirudi."

Alirudi, alisema. Alitembea mbali kidogo na mvulana mgongoni, akashindwa, akarudi. Msichana alikuwa macho. Akamlowesha midomo, akakaa naye, akawaza kukaa hapo hapo wote watatu mpaka Mungu aamue. Kisha mvulana akaanza kulia. Akainuka, akamgeuzia tena msichana uso upande mwingine, akaondoka mara ya pili. Haya yote alimweleza mgeni. Baadaye msichana mkalimani alimpigia simu kumwambia kwamba wageni wameshukuru sana, ila watamwonyesha akiondoka mara moja tu, kwa kuwa watazamaji hawataamini kwamba mama anaweza kufanya hivyo mara mbili.

Niliangalia mchanga. Nilikumbuka kelele zetu Ijumaa ile, tukigombea kama angegeuka au asingegeuka.

Mwanawe alikuwa na swali moja, na aliliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Kwa nini mimi, hooyo?"

Alifikiri. Sikuona kama alikuwa akitafuta maneno ya kumpoza. Nadhani alikuwa akitafuta ukweli.

"Wewe ulikuwa unalia," alisema. "Yeye alikuwa amenyamaza."

Aliadhini mtu msikitini, tukaswali. Wakati wa kuaga, mama alinipa mandazi yaliyobaki kwenye mfuko, nimpelekee mke wangu. Tukashika njia mpaka tukakaribia mji. Pale rafiki yangu alisimama kando ya barabara, malori ya maji yakitupita na kutumwagia vumbi, na akasema kwamba amewafasiria mamia ya watu waliopoteza watoto, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza mamake.

Mke wangu ndiye aliyemweleza daktari. Sijui alimwambiaje. Najua tu kwamba mtu yule asiyewahi kukubali kushindwa alikwenda kambini mwenyewe, akiwa na mbuzi mwenye maziwa, akamwachia mama bila maelezo marefu. Alimwambia rafiki yangu kwamba yeye anajua ngamia, hajui watu. Rafiki yangu alimpa mkono, lakini kwa muda mrefu hawakuweza kuangaliana vizuri.

Siku ya tuzo ilifika. Huku kwetu matokeo hupatikana asubuhi, na mimi niliyaona kwenye simu nikienda darasani. Mwanamke yule hakushinda. Ajuza wa kijiji cha theluji ndiye aliyechukua, kama alivyotabiri daktari. Miaka mingine daktari angepiga simu kabla sijanywa chai. Mwaka huo hakupiga, wala hakuna aliyekaa kutazama filamu ya Kihindi. Mchana nilimkuta rafiki yangu kwenye ofisi yao, nikamwambia. Alisema ameshasikia. Nikamuuliza kama ametulia au amesikitika. Alisema hajui, kwamba alipoamka alitamani ashinde, na alipokwisha kuswali alitamani asishinde, na aliposikia alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu kisha watu wakaangalia pengine.

Mama naye aliuliza kama walimpa. Alipoambiwa hapana, alimwonea huruma yule mwanamke. Alisema alikuwa na mikono ya baridi na adabu nzuri.

Kabla ya Ramadhani walimsomea yule msichana khitma ya Kurani, ndani ya ua wa miiba, majirani wachache, pilau na tende. Kwa mara ya kwanza mama alitaja jina lake mbele ya watu. Baadhi ya wanawake wazee walilia, na kwa jinsi walivyolia nilielewa kwamba si kwa ajili ya mtoto huyo peke yake. Mmoja wao aliondoka kabla ya dua kumalizika, mkono mdomoni.

Nilidhani baada ya hapo mambo yangekuwa mepesi. Hayakuwa. Mama aliyenyamaza maisha yote ya mwanawe sasa hawezi kunyamaza. Kila mwanawe akienda kumwona, humsimulia habari za msichana yule: alivyokula, alivyoogopa mbwa, alivyokuwa akimbeba mdogo wake kabla hajaungua. Rafiki yangu huvumilia, kisha huja kwetu, hukaa kwenye mkeka kompyuta ikiwa imefungwa. Mke wangu humpelekea chai na kurudi kwenye cherehani. Filamu tunatazama siku nyingine, ila hakuna tena anayetabiri.

Ijumaa iliyopita alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza hali ya mama.

"Mzima," alisema. "Jana ameniambia dada alikuwa na kigugumizi. Mimi nilikuwa sijui kabisa, mwalimu. Herufi ya kwanza ya jina langu ilikuwa ikimshinda."