Jaribio Lililokimbia Bila Kugusa Kitu

Mimi ni mtu wa fotokopi. Naanza na hilo kwa sababu mtandaoni nimejitambulisha kwa maneno makubwa zaidi, na mke wangu akiyasoma hucheka mpaka anashika kaunta. Tuna duka dogo: mashine mbili za kopi, moja ya kulaminia, na laptopu iliyochomoka kitufe cha herufi B. Wateja wakipungua, mimi huandika msimbo wa pochi ya sarafu za kidijitali. Ni programu huria, inaandikwa na watu wanaojitolea, na yeyote anaweza kuusoma msimbo wetu na kutucheka. Hatulipwi. Mke wangu anasema mimi ni punda wa hiari.

Kwa miaka mitatu mchango wangu wa maana ulikuwa mmoja tu: jaribio la fujo. Unaitupia programu takataka, faili zisizo na kichwa wala miguu, maelfu kwa maelfu, uone itaanguka wapi kabla haijamwangukia mtu. Langu lilijaribu mlango wa kurejesha pochi, pale aliyepoteza simu anapoleta faili la nakala aliyoihifadhi ili apate funguo zake, zile namba za siri zinazofungua pesa zake. Ni mlango nyeti, na jaribio langu lilikuwa linatambaa: faili kumi na moja kwa sekunde. Konokono angelipita, kisha akasimama kulisubiri.

Jumatatu msimamizi wetu, ambaye tunamwita Bi Mkasi kwa jinsi anavyokata kazi za watu, aliandika: "Jaribio hili linakula saa tatu. Lisipomaliza ndani ya dakika kumi kufikia Ijumaa, naliondoa." Basi, hata pole hakuna. Nikaona miaka mitatu inakwenda na maji. Likiondoka lile, mle ndani nabaki nani? Msahihisha nukta.

Kilichokula muda nilikijua. Kila faili likifika, programu husaga nenosiri mizunguko laki mbili kabla ya kufungua chochote, makusudi, ili mwizi anayebahatisha achoke. Kwenye jaribio hakuna mwizi, niko mimi tu. Mwenye akili angepunguza mizunguko ya jaribio ubaki mmoja. Mimi, fundi wa mafundi, nikatafuta ujanja: nikahamisha ukaguzi wa muhuri wa faili ukae mbele, kabla ya kusaga. Muhuri ni tarakimu chache zinazothibitisha kwamba faili halijaharibika. Nikawasha. Elfu tisa kwa sekunde!

Jamani, nilipiga makofi. Mteja aliyekuja kulaminia cheti akadhani namshangilia yeye, akasema asante. Nikawaandikia wenzangu aya nne za kujisifu, kisha nikamwita mke wangu.

"Elfu tisa! Unajua maana yake?"

Aliinama akaangalia. "Na limekuta makosa mangapi?"

"Hata moja. Msimbo ni safi."

"Kama siku ile ulipotoa kopi mia mbili za mtihani wa mwalimu?"

Nilikunja uso. Siku ile niliweka karatasi kinyume, maandishi yakiangalia mfuniko. Mashine ikatoa kurasa mia mbili bila kukwama, nyeupe pe, nami nikazifunga vizuri na kumkabidhi mwalimu. Aligundua akiwa mbele ya darasa.

"Hayo ni mambo mengine kabisa," nilimwambia.

"Haya, baba," alisema, akaenda kuhudumia watu.

Baada ya saa moja Bi Mkasi akajibu aya zangu nne kwa swali moja: "Ni mistari mingapi ya msimbo iliyoguswa?" Ripoti ya hilo ipo, huonyesha jaribio limepita kwenye mistari ipi. Nikaifungua nikijua itanitetea. Mistari sita, kati ya mia nane! Takataka haina muhuri sahihi, kwa hiyo kila faili lilifukuzwa mlangoni. Jaribio langu lilikuwa na kasi kwa sababu halikufanya kazi yoyote. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikataka kufuta majigambo yangu, lakini watu kumi na saba walikuwa wameshayawekea alama ya kicheko.

Ijumaa asubuhi nikafanya kilichotakiwa tangu mwanzo. Mzunguko mmoja wa kusaga, na jaribio lenyewe likapiga muhuri sahihi kila takataka kabla ya kuitupa ndani. Elfu mbili na mia nne kwa sekunde, na mistari iliyoguswa mia saba na kitu. Nikaenda kubadilisha wino. Niliporudi, lilikuwa limesimama na maandishi mekundu: funguo tatu zimeingia, imerudi pochi tupu.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa pochi isiyopewa jina: programu ikikuta nafasi ya jina iko wazi, inadhani faili limekwisha, inaziacha funguo palepale. Nikamwandikia Bi Mkasi kwamba sehemu hii iliandikwa na mzembe fulani na ni vizuri atafutwe. Akajibu kwamba jaribio linabaki, na kwamba jina la mwandishi liko kwenye historia ya msimbo. Nikaangalia. Mzembe ni mimi, mwaka juzi, mwezi wa tatu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaenda kutazama malalamiko ya zamani, na kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja alikuwa ameandika kwamba pochi yake imerudi tupu. Chini yake kulikuwa na jibu langu: "Ulihifadhi pochi tupu, dada. Soma maelekezo kabla ya kulaumu programu." Hakuandika tena.

Nikamwandikia: "Dada, hukukosea. Nilikosea mimi. Kama faili bado unalo, usilifute, funguo zako zimo."

Jibu lilikuja mchana, nikiwa nalaminia vitambulisho. "Ninalo. Ile ilikuwa akiba ya familia, na mpaka leo nyumbani wanasema niliila. Tafadhali andika tena hayo uliyoandika, lakini kwa jina lako kamili, nimwonyeshe kaka yangu."

Nikaandika upya, nikaweka majina yangu yote matatu, nikamwomba mke wangu asome kabla sijatuma. Alisoma mara mbili. Hakunitania.

"Tuma," alisema. "Amengoja sana."