Kitabu Nilichomsomea Baba

Nilikuwa na miaka kumi na minne masista wa shule yetu waliponipa kitabu, zawadi ya kuwashinda wenzangu katika Kifaransa. Kilikuwa hadithi ya kijana anayetoka kijijini, anaajiriwa kiwandani, anajifunza mashine, na mwisho anaoa. Nililia alipooa. Likizo ile nilikisoma mara tatu, nikaamini hakuna kingine kizuri kama kile duniani.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba. Kifaransa chake kilikuwa cha amri tu: njoo, simama, funga. Akitoka zamu ya asubuhi alioga, akaketi uani mwa nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi, akaniambia, "Mama, leta kitabu." Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilisoma ukurasa, nikaugeuza kuwa Kiswahili, naye akasikiliza, mikono magotini.

Siku moja tukafika mahali ambapo kijana na msimamizi wake wanaongea kando ya mashine, kurasa nne nzima, juu ya uvumilivu na heshima ya kazi. Baba akaanza kucheka.

"Bale bantu banasikilana namna gani?" aliuliza. "Mu usine, ndani ya kiwanda? Huyu mwenye kuandika hakuingiaka kule hata siku moja."

Nilimwonea aibu. Nikafunga kitabu.

"Hii ni literatire, baba. Haiko ya bantu ba usine."

Baba aliinuka akaenda kumwagilia mboga zake.

Nilipokua nikawa mwalimu hapahapa Likasi, mji wetu wa shaba, na kitabu kilekile kikawekwa kwenye programu ya madarasa yetu. Miaka saba niliwafundisha watoto wa wafanyakazi, na zile kurasa nne niliwalazimisha kuzijua kwa kichwa. Msichana mmoja aliandika kwamba katika hadithi yote hakuona mtu aliyechoka. Nilimpa sifuri. Kwa wino mwekundu nikaongeza: hukusoma vizuri.

Mwaka wa nane tuliruhusiwa kuwapeleka wanafunzi kutazama kiwanda. Mle ndani, mtu aliyetuongoza alifungua mdomo na kuufunga mbele ya uso wangu, nami sikusikia hata neno moja. Nilihisi makelele ya mashine kwenye meno. Wafanyakazi walisemezana kwa vidole. Mimi, binti wa mtu aliyefanya kazi pale maisha yake yote, sikuwahi kuingia kabla ya siku ile.

Nyumbani nilikisoma kitabu tena, chote. Kilikuwa uongo, tena uongo ulioandikwa ovyo. Hata ile ndoa iliyoniliza: bibi arusi hana sentensi moja ya kusema.

Jumapili nikaenda Kikula, mtaa ambako baba alikuwa amejijengea baada ya kustaafu na kurudisha nyumba ya kambi. Masikio yake yalikuwa yamekufa yote mawili. Nilimwinamia, nikapaza sauti:

"Baba, ulisema kweli juu ya kile kitabu!"

"Nini?"

Nikarudia mara tatu. Majirani waligeuka kututazama.

"Kitabu gani?" akauliza mwishowe.

Mama alikuwa akichagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Umuache. Ile siku ulimwambia haiko ya bantu ba usine, alikuya kuniambia hataomba tena umusomee. Miye nilizania unajua."

Sikujua. Miaka yote nilidhani aliacha kuniomba nimsomee kwa sababu alikuwa amechoka tu na kazi. Mama akanisogezea sinia, nikachagua maharagwe pamoja naye.

Mwezi uliofuata mkaguzi aliingia darasani mwangu, beji ya chama tawala kifuani, akaketi nyuma. Somo la siku ile lilikuwa zile kurasa nne. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama chama kilivyoagiza.

"Sitwayeni mwalimu, hii kitabu iko muzuri kweli?"

Wote walinitazama, mkaguzi pia. Nikasema ndiyo, ni kizuri sana, nikaeleza uzuri wake kwa maneno yaleyale niliyokuwa nikiyasema mwaka baada ya mwaka. Watoto waliinama wakayaandika.

Ripoti ya mkaguzi ilinisifu kwa uwazi wa mafundisho. Niliitia saini.