Conso na kompyuta ya wageni

Akili yangu bado inagoma. Jumapili Conso ameniandikia kwamba amechoka na chakula cha hospitali kisicho na chumvi. Jumatano naambiwa hayupo.

Nilitaka kuandika post tamu. Lakini jana kwenye mazishi nimeona jambo nisiloweza kulipamba, kwa hiyo mnisamehe, hii haitakuwa tamu.

Wengi wenu mlimjua Consolata kama mwalimu wa kompyuta hapa Gisenyi. Mimi nilimjua akiwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulisoma pamoja digrii ya informatique ya biashara, ile ambayo vijana siku hizi wanaiita Business IT.

Yeye alitoka Busasamana, mama yake akivusha viazi mpakani hadi Goma kila siku ili binti asome. Mimi nilikuwa nimerudi na wazazi kutoka Tanzania. Kiswahili changu kilimchekesha. "We unaongeaka kama redio," aliniambia.

Mwaka wa mwisho ilikuwa lazima kila mmoja afanye stage, yaani mafunzo kazini, ya miezi mitatu kwenye kampuni. Bila karatasi ya stage yenye muhuri wa patron, yule bosi mwenye kampuni, humalizi. Mama yake Conso alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mwaka ule binti anamaliza.

Sisi wawili tulipata depo moja ya unga na sabuni, karibu na mpaka. Jina la patron sitalitaja. Anajijua.

Kompyuta ilikuwepo. Moja. Ilikaa ofisini kwake kwenye meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa cha krosheti alichofuma mke wake, na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Wageni wa maana wakija walipigwa picha pembeni yake.

Siku ya kwanza Conso alinyoosha mkono kukifunua kile kitambaa. Patron akamwambia, "Hapana, mutoto. Ile ordinateur iko ya bageni. Nyinyi mutapanguza tu vumbi."

Tukapanguza. Miezi mitatu, wanafunzi wa chuo kikuu, tunapanguza vumbi juu ya kitambaa na kuchemsha chai. Nikiikumbuka chai ile naona kinyaa hadi leo.

Conso hakukaa bure. Alinunua daftari la viboksi, akaandika kwa kalamu programu nzima ya stoki ya ile depo, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Saa ya chakula tuliijaribu mezani kwa mahindi. Punje moja ni gunia moja la unga. Mimi nasoma mistari, yeye ndiye mashine, anasogeza punje.

Siku moja punje ziliisha mezani na daftari bado linasema tutoe mbili. Nikasema tuendelee, nani ataona. Akanitazama kwanza. "Mahindi haidanganyake," akasema, akarudi nyuma mistari kumi na kusahihisha.

Halafu ikafika siku ya Prof wetu wa chuo kuja kutukagua. Barabara haikuaminika miaka ile, kwa hiyo angekuja mara moja tu, aulize, aandike, arudi mchana uleule.

Asubuhi patron akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akatukalisha mbele ya mashine. Kibodi bado iko ndani ya nailoni yake. Akabonyeza, kimya. Waya wa umeme ulikuwa nyumbani kwake, ndani ya boksi, tangu mashine iliponunuliwa.

Gari la Prof likasimama nje. Patron akampokea mlangoni: "Pole sana, Prof, courant imeenda." Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Prof aliiangalia balbu. Akatugeukia. "Mashine hii mnaitumia kila siku?"

Nikasema ndiyo.

Conso akasema, "Hapana, Prof. Tunapanguzaka tu vumbi." Akamfungulia daftari.

Prof alisoma kurasa nyingi, chai ikapoa. Akasema kazi ni nzuri sana, lakini bila muhuri mikono yake imefungwa. Patron akapiga muhuri karatasi moja tu. Yangu. Nikapata kumi na sita kwa ishirini. Conso akarudia mwaka mzima, na mama yake akawa anapita kwa majirani na viazi vyake bila kusimama kusalimia.

Ile kumi na sita ndiyo iliyonipa kazi ya kwanza. Ndiyo iko kwenye CV ya huyu IT manager mnayempongeza humu.

Siku ile tulitembea hadi ziwani. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Bon. We ulikuwa na woga. Na mi nilikuwa nao." Hakuligusa tena jambo lile hadi anakufa. Afadhali angenitukana.

Sasa jana. Patron, mzee wa fimbo siku hizi, akapewa maikrofoni mbele ya jeneza. "Huyu mutoto," akasema, "ni mi nilimufundishaka ordinateur." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wanafunzi wa Conso wakaenda kumshika mkono, wakamshukuru. Mama yake Conso aliinamisha macho.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nikanyamaza. Tena.

Mzee yule ananitia kinyaa, ndiyo. Lakini mkono wa kwanza kumshika jana, kabla ya wanafunzi, ulikuwa wangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka zaidi ya ishirini na bado naitembea.

Basi naishia hapa, mbele yenu wote, na mama yake Conso nitamfuata Busasamana nimwambie kwa mdomo wangu.

Conso, Prof aliuliza na mimi nimechelewa kujibu. Hapana, Prof. Tulikuwa tunapanguza vumbi. Programu ilikuwa ya Conso, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa lala, dada yangu. Lala salama wewe uliyesema.